Okidi Niliyoilea Kama Mtoto

Mjukuu wangu Nekesa,

Pokea salamu zetu za Bungoma. Tuko, ila mvua imelaza mahindi na mama yako bado anakohoa. Umeniuliza kama ua lako la okidi lililopigwa na baridi huko Limuru, na sasa linaoza, litapona. Sijui, mama.

Nilipokuwa Kitale, mama yako akiwa mgongoni, tajiri niliyemfanyia kazi alisafiri akaniachia okidi sita. Baridi ikazipiga, majani yakawa meusi. Mimi nilijua kulea mtoto tu, basi nikaziweka karibu na jiko na kuzinywesha maji ya vuguvugu kila asubuhi. Tano zikaoza zote.

Mzee Wanyama wa bustani akanikemea, "Wewe mama, hiyo si mtoto! Ati unanywesha kitu kinaoza?" Ile ya sita tukaikata sehemu zote laini zilizooza, tukaipaka unga wa makaa, tukaiacha bila maji. Kuiangalia imekauka vile kulinishinda, nikalia.

Mimi na mama yako tukahama kabla sijaona mzizi mpya wa kuonyesha imepona. Yako ifanyie hivyo hivyo. Ukiona mzizi, niandikie upesi. Nimeungoja tangu mama yako akiwa mgongoni.

Ni mimi bibi yako,
Nasimiyu