Jina Ndani ya Kaseti

Bunia, siku ya ine, magaribi

Tena huyu Dieudonné. Mbele ya vita, orkestra yetu ya rock haikutupa libanga hata moja. Orkestra zingine ndizo zilikuwa zinatupa libanga: zinaita majina ya wakubwa ndani ya nyimbo ili zipewe kitu. Siye tuliwatukana wale wakubwa, na watu wa mutaa wa Mudzipela walitupenda juu ya ile.

Sasa tumeungana tena, tunarekodi kaseti mupya. Dieudonné, muimbaji wetu, aliomba groupe ya courant, mashini ya umeme ya kurekodia, kwa komanda wa muji, na akalipa kwa libanga: alimusifu kwa jina katikati ya wimbo "Wakubwa, Mutuache". Nilikasirika. Lakini nilipiga bass mpaka mwisho.

Leo asubui yule komanda alikimbia, askari wa komanda mwingine wakaingia muji. Dieudonné alikuja, hana hata haya.

"Papa Jean, turudilie tu wimbo. Tutie jina ya huyu mupya."

"Na huyu akikimbia?"

"Tutarudilia tena."

Kaseti iko chini ya kitanda yangu, na askari wa huyu mupya wanapekua nyumba kwa nyumba. Miaka yote tuliwatukana wakubwa, hakuna aliyetugusa. Sasa naogopa kufa juu ya kumusifu mumoja.