Jemadari Ananyonyoka

Tarehe 3 Februari

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shemeji katuambia umeanza kuukanyagia kidogo, tumefurahi. Sisi wazima, ila mwanao anakohoa vumbi la mbao kama kawaida yake.

Kuku wako Jemadari ananyonyoka. Ilianza kichwani, sasa shingo iko uchi, na nikifagia banda ni kama mto wa kulalia umepasuka. Kutaga ameacha. Wenzake waliokuwa wakimpisha kwenye chakula sasa wanamdonoa. Hata Kidoti, yule mdogo kuliko wote, kamfukuza kwenye ubao wao wa kulalia! Jirani yetu fundi viatu anasema ni ugonjwa, nimchinje kabla hajaambukiza wengine. Unasemaje?

Mkweo

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu upo, unanitii unapotaka wenyewe. Huku kwa shemeji yako natunzwa mno. Hata kikombe siruhusiwi kuosha.

Mwambie fundi viatu ashughulike na soli zake. Jemadari haumwi, anabadilisha manyoya. Nguvu zote zinaenda huko, ndiyo maana mayai yamekatika. Mtazame shingoni, utaona vijiti vidogo vinachomoza. Hayo ni manyoya machanga, yana damu ndani, yakiguswa yanauma. Kwa hiyo anamkwepa kila mtu, na wenzake wakiona anakwepa, wanapanda cheo. Usimbebe ovyo. Mwongezee dagaa waliosagwa.

Halafu kaa uwatazame: nani anampisha nani? Miaka yote hii bado wananishangaza.

Mama

Tarehe 24 Februari

Mama,

Shikamoo. Waonaje hali? Sisi hatujambo, ila mimi nimeharibu.

Nilimwonea huruma Jemadari nikamtenga stoo siku kumi, ale kwa raha. Nilipomrudisha walimvamia kama mgeni ambaye hawajawahi kumwona, mpaka damu ikatoka. Kumbe huruma yangu ndiyo iliyomfukuzisha kabisa! Sasa nimemkatia kona humo humo bandani kwa wavu wa waya, waonane bila kufikiana.

Cherehani nimeihamishia mlango wa nyuma. Nashona jicho moja likiwa bandani. Jana nimepachika mkono wa gauni kinyume. Kidoti ndiye anayekula kwanza. Lakini kuna yule mwekundu: hamdonoi mtu, hadonolewi, na kila mtu anampisha. Kwa nini?

Unarudi lini?

Mkweo

Tarehe 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu hujanijibu. Shemeji anasema huumwi. Kama nimekuudhi kwa habari ya stoo, nigombeze, nitaelewa. Jemadari amefunikwa shingo yote, bado mkia.

Mkweo

Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, wala kuku hajaniudhi.

Mumeo aliniandikia kwamba nibaki huku moja kwa moja. Kwamba wewe una kazi nyingi, na mimi na mguu huu nitakuwa mzigo wa pili. Nikadhani mmekaa mkakubaliana. Kila nikishika kalamu nikujibu habari za kuku, najiuliza unaniandikia kama mwenye kuku au kama mtu wa kubembelezwa. Sasa nimechoka kujiuliza. Ulijua?

Mama

Tarehe 4 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikujua. Naapa sikujua.

Nilimpa barua yako akiwa anakula. Akasoma, akasukuma sahani.

"Nilikuwa nakupunguzia kazi," akasema.

"Nani alikuomba?"

Kesho yake nikamkuta anapigilia ubao wa kushikia pale kwenye ngazi ya mlango wako. Jumamosi atakuja kukuchukua. Kama utakubali, hilo ni lako kuamua.

Juzi nimeondoa wavu. Jemadari ameota manyoya mapya, meusi yanang'aa, nikajua leo Kidoti atajuta. Akaenda moja kwa moja kwenye chakula. Kidoti akatutumua shingo. Wakatazamana. Jemadari akageuka, akaenda kula upande wa pili, na yule mwekundu! Jemadari ana mwili mara mbili ya Kidoti, Mama. Sasa ni wa tatu kwa cheo, na anakula vizuri tu. Ameshindwa, au hataki?

Mkweo

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Jumamosi atanikuta nimeshakaa nje na mzigo wangu, na nina maneno yake mawili matatu ya njiani.

Wa tatu? Jemadari? Sijawahi kumwona akiwa hata wa pili. Usiniambie zaidi, na usimguse mtu humo bandani. Niwekee kiti karibu na cherehani.

Mama yako