Maji Yaliyogoma Kutoka Chini ya Grafini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo Kiwalani na afya yako, na lile goti liwe limepoa. Mie huku Ujerumani mwili mzima, ila moyo bado haujatulia. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" nikakuaga upesi. Siumwi, mama. Nimepigwa na butwaa.

Unamkumbuka Tomek, yule kijana wa Kipoland aliyenipokea stesheni nilipofika, akanivalisha koti lake? Tunafanya kazi maabara moja. Tunatandaza utando wa kaboni uitwao grafini, mwembamba mno, juu ya oksidi ya metali, yaani metali iliyoshikana na oksijeni, kama ilivyo kutu ya bati. Utando huo una matundu, nasi tunachunguza maji yakiingia humo yanafanya nini. Tomek ameandika tasnifu nzima kwamba maji hupenya, na ukiyapasha moto hutoka yote, grafini ikalala kama mwanzo. Alikuwa karibu kuitetea. Mama yake alishakata tiketi ya kuja kushuhudia.

Basi nikarudia jaribio lake kwa chombo kipya, chenye kuona zaidi. Nikaingiza mvuke, nikapasha moto, nikatazama. Maji hayakutoka. Yalipogusa kingo za matundu, chembe zake zilivunjika. Vipande vingine viling'ang'ania kingo, vingine vikajipenyeza chini na kuuinua utando, kama rangi ya ukuta inavyovimba kwa unyevu. Nikadhani nimechafua sampuli. Nikaandaa nyingine, ikawa vilevile.

Nilimkuta Tomek jikoni anamenya viazi. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia tu, "Tomek, maji hayatoki."

Akacheka. "Umesahau kupasha moto."

"Nimepasha. Njoo uone."

Tulipofika maabara alitazama, kisha akaomba nimwachie chombo. Nilidhani ataniomba ninyamaze mpaka amalize utetezi wake, na wallahi sijui ningemjibu nini, maana huyu amenifaa kama ndugu wa tumbo moja. Hakuniomba. Alizijaribu sampuli zake mwenyewe, zote, halafu akanishika mkono tukaenda kwa profesa.

"Nilichoandika si sahihi," akasema. "Salma ndiye aliyeona."

Profesa alivua miwani, akaomba aone matokeo yote. Utetezi umeahirishwa. Tasnifu inaandikwa upya, nami nimetakiwa nimsaidie kuandika sura inayohusu matundu.

Hapo nilidhani yamekwisha. Baadaye nikipita kwenye korido nikamkuta Tomek dirishani, anampigia mama yake; mwishowe aliniambia alikuwa akimwambia asije. Kipoland sikijui hata kidogo. Nilichoelewa ni neno moja tu alilokuwa akilirudia, "Mama... mama..." Nikaweka mkoba chini, nikasimama karibu naye mpaka alipokata simu.

Nisalimie baba na wenzake wa dukani. Msalimie pia shangazi Mwajuma, muuza vitumbua wetu wa Temeke. Na kaka Hamisi, fundi redio, mwambie asikuache ukapanda ngazi na goti hilo. Na ukiswali, mama, mtaje na Tomek.

Mwanao anayekukumbuka kila akitia chai kikombeni,
Salma