Mume Wangu Ananiua Sura ya Kumi na Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada haraka kabla sijazikwa, maana mazishi yangu yako sura ya kumi na tisa na mume wangu ameshafika ya kumi na nane. Ni mwalimu mstaafu, na kabla ya ualimu alikuwa askari vitani, na tangu aache chaki anaandika riwaya za taharuki, zile ambazo mtu ameelekezewa bastola lakini kwanza anayawaza maisha yake kurasa tano nzima, na wasomaji wanazipenda kweli, sikatai. Shida ni kwamba haandiki tukio mpaka tulifanyie zoezi hapa nyumbani kama jeshini, kwa hiyo nimeshakuwa jasusi, nimeshakuwa mateka, nimefungiwa stoo huku pasi inawaka, na jioni ananisomea alichoandika, nacheka, anajisahihisha kwa kalamu nyekundu na kujipa alama. Safari hii anaandika habari za askari mzee na mkewe, na huyo mke anachechemea kama mimi, anabishana na redio kama mimi, anaficha miwani ya mumewe akikasirika kama mimi! Juzi akaniambia, "Mama, hebu lala hapo kwenye kochi, leo umekufa." Nikalala. Akatoka, akaingia tena, akasimama mlangoni, halafu akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha, akaniacha maiti mpaka shingo ikakakamaa, na tangu siku hiyo hanisomei tena, nikimwuliza anasema miwani ina ukungu. Binti yetu ananicheka, "Mama, ni hadithi tu, utamwonea wivu marehemu?" Lakini mshauri, baada ya maisha yote haya bega kwa bega, mtu akuchoke mpaka akuue kwa kalamu? Nimesusa mazoezi, hatusemezani ila "chumvi iko wapi," na roho inaniuma. Nimwambie anifufue, au nifunge virago niende kwa binti yangu?

Marehemu Mtarajiwa

*

Marehemu Mtarajiwa, nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuchungulia, halafu nikaisoma barua yako mara ya pili na kicheko kikaniisha. Virago viache kabatini.

Umekuwa jasusi wa mtu huyu, na bado hujamjua? Angekuwa amekuchoka angekuua sura ya pili, aendelee na bastola zake. Huyu ameona watu wakifa kweli, mama. Ameingia sebuleni kwake mwenyewe akakukuta umelala hujitikisi, na zoezi likamshinda. Vyombo visafi vinaoshwa ili mtu asionekane uso. Mzee anaogopa kukupoteza, basi, na kwa kuwa hajui kulisema hilo, anamwachia askari wake wa kwenye karatasi aliseme kwa kurasa tano.

Na wewe Mwalimu, najua utaisoma hii: humlazi mkeo maiti kisha ukakimbilia sinki bila neno. Hapo nakupa sifuri, tena kwa wino mwekundu.

Sasa, mama, acha kununa. Leo hii kaa naye, mwambie akusomee alichoandika tangu siku ile ya kochi mpaka mwisho, na habari za ukungu usizikubali, mpe kitambaa afute miwani. Usimwombe akufufue. Kitabu ni chake, na sisi wasomaji tunataka kulia. Akifika mahali sauti ikamkatika, usimcheke wala usimmalizie sentensi. Mshike mkono, mwambie, "Mwalimu, mimi nipo," kisha unyamaze, najua itakuwa kazi ngumu kwako, mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe anachoogopa.

Akishasema, mwache amzike huyo mwanamke wa kitabuni anavyotaka, wewe ukiwa umekaa ubavuni mwa mumeo unalalamika kwamba msiba wako una watu wachache.