Kinundu Nilichokiona Kwanza Mimi

Mume wangu mpenzi,

Barua yako nimeibusu kabla ya kuifungua. Umepasuliwa salama! Nimeruka jikoni kama mtoto. Halafu nikaisoma tena nikahesabu: Nesi Matilda yumo mara nne. Mimi nimo mara moja, pale juu, kwenye “Mpendwa”.

Umesahau wiki ya tatu ya ndoa yetu? Nilikuwa nakupima suruali ya kanisani, futi shingoni, pini mdomoni. Nilipofika kwenye shavu la mguu wa kulia, kidole changu kikagota kitu kigumu kama punje ya njegere. Ukacheka, “Mke wangu, unapima au unanitekenya?”

Mganga wa zahanati alisema ni mshipa umevimba tu, akakufunga bendeji. Mimi nikakulaza mkekani, nikauweka mguu wako begani kwangu. Mishipa yote ikanywea. Kinundu kikabaki, na kingekuwa mshipa tu kingenywea nayo. Nikakwambia, “Hiki kina jambo lake. Twende Morogoro, upande treni, ukaonwe Dar es Salaam.” Ukaninunia siku mbili, ukiogopa kukatwa mguu. Mimi niliogopa zaidi yako, lakini nilikusindikiza hadi stesheni.

Leo unaandika: “Nesi Matilda aliunyanyua mguu wangu, akaona kinundu hakinywei. Daktari akamsifu sana.” Akamsifu! Na wewe ulikuwa umelala hapo, kimya?

Dada yako amenikuta nimenuna, akaisoma barua. “Wifi, pika cha watatu,” akasema. “Mtu hatajwi mara nne bure.” Nikamrushia kibunzi.

Nashukuru, mpenzi, usidhani sishukuru. Kwamba uvimbe ulitoka kwenye ukuta wa mshipa wenyewe, ni wa nadra, wala si wa kuua. Kwamba daktari amekata kipande kile cha mshipa, akafunga ncha zote mbili, nawe utapanda tena mlima huu wa kwetu ukipiga mluzi nyuma yangu: mistari hiyo nimeisoma hadi karatasi imelegea. Lakini wivu hausikii shukrani.

Basi nyuzi azitoe Nesi Matilda, ndiyo kazi yake. Ila kabla hujaondoka, mwambie daktari, naye nesi akisikia, ni nani aliyekiona kwanza.

Suruali imekwisha, isipokuwa mguu wa kulia. Huo siushoni mpaka uje niupime upya, taratibu, kovu likiwa chini ya kidole changu.

Uje upesi.

Mkeo, mwenye futi