Mahindi Yaliyong'aa Chini ya Taa

Mama yangu mpendwa,

Unaukumbuka ule mwaka wa njaa, wafanyabiashara walipokuwa wameanza kuruhusiwa kuuza nafaka? Nilikuwa mpimaji wa nafaka kwenye ghala la Bunda. Ulikuja kutoka Butiama na mahindi ya sokoni uliyoyafunga kwenye kanga. Nilifunga madirisha nikawasha taa yetu ya mwanga wa zambarau. Baadhi ya punje zikang'aa manjano ya kijani, nawe ukacheka, ukasema zinapendeza.

Nikakueleza kwamba zinazong'aa hivyo huenda zina sumu ya ukungu, inayoharibu ini, na kwamba kupika hakuiondoi. Ukaniuliza:

"Hiyo taa inasema nitakufa?"

"Inasema huenda, mama."

"Nikiyatupa nitakula nini?"

Nilizunguka maduka ya Manyamanyama na Kabasa, nikaomba punje za kila gunia, nikazipitisha kwenye taa. Hakuna gunia lililokuwa safi. Ghalani kwetu kulikuwa kumebaki vumbi tu. Basi ukarudi nyumbani na mahindi yako, ukayachambua, ukayaosha, ukayaanika, ukala. Ulinituliza kwamba tulikuwaga tunakula hivyo hivyo tangu zamani.

Miaka ilipita. Macho yako yalipogeuka manjano na tumbo likavimba, nilikupeleka Musoma. Daktari alisema ini limekwisha. Nikamuuliza kama ni yale mahindi. Akasema hana namna ya kujua, na mpaka leo mimi pia sina. Ulinivuta shati ukaniambia nimwache daktari wa watu, ana wagonjwa wengine.

Nakuandikia kwa sababu juzi wametuletea kifaa kipya, kidogo kama redio ya mkononi. Unasaga mahindi, unayachanganya na dawa, unadondosha tone, na kihisi kilichomo ndani kinasoma kiasi cha sumu, kabla hata chai haijapoa. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ghala.

Nimekuwa nikiwaza ningefanya nini na kifaa hicho mwaka ule. Ningekusomea kiasi kamili cha sumu, mama. Ungenisikiliza mpaka mwisho, ukanishukuru kwa kusoma kwangu, halafu ungeinjika sufuria ya ugali, na mimi ningekaa kula nawe.

Lala salama, mama. Nimekukumbuka sana.

Mwanao wa kwanza,
Wambura