Muhogo wa Hajara

Arua, 9 Februari 1997

Kwa shemeji yangu mpendwa, Mariam Poni,

Salamu nyingi kutoka hapa Arua. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo kwa hili vumbi. Watoto hawajambo? Hajara bado anakimbia kama mbuzi aliyekata kamba?

Shemeji, najua umeninunia. Tangu tumzike kaka Ocama sijakanyaga Koboko, na baba mdogo wa watoto wake ni mimi, hakuna mwingine. Naona vibaya, kweli. Ningekuambia ni barabara, lakini siyo barabara tu. Chuo chetu cha maabara kimepewa kompyuta! Ina programu ya kuonyesha molekuli. Unabonyeza, na kitu kisichoonekana kwa jicho kinatokea pale, mipira ya rangi imeshikana, unakigeuza huku na huku. Zamani nilifundisha haya kwa viazi na njiti za kiberiti, darasa zima linasinzia. Sasa wanagombania viti vya mbele. Juzi nimewaonyesha sumu iliyomo ndani ya muhogo mchungu, wakasema, "Mwalimu, mbona nzuri hivi?"

Na ile mihogo niliyokutumia vijiti vyake vya kupanda mwaka jana, ile isiyougua majani, imezaa?

Ni mimi shemeji yako,
Ezati

Koboko, 20 Februari 1997

Shemeji Ezati,

Salaam aleikum. Sisi iko wazima, Mungu asifiwe. Wewe kunywa chai ya tangawizi, hiyo kifua itaacha.

Kununa nimenuna, sikufichi. Lakini muhogo yako, wee! Kubwa kama paja ya kaka yangu Mogga, na yeye unamjua. Ya watu wengine yote imekufa, sisi tunakula asubuhi na jioni.

Sasa sikia. Hii iko chungu, si kama ile yetu ya zamani ya kutafuna hivi hivi. Mimi nataka kuivundika, kuifunika siku nyingi mpaka uchungu itoke, lakini waasi wanapita huko shamba, sisi tunalala mjini kwa duka ya Mogga, na muhogo ukiacha shambani siku mbili mutu anabeba. Basi tunamenya, tunakatakata, jua ya siku moja, tunasaga. Hajara akila anasikia kizunguzungu, anatapika. Wadogo zake hapana sana. Wewe ndiye mutu ya mambo hii. Tuendelee ama tuache? Na tukiacha tunakula nini?

Barua hii nampa Lokule wa lori, ataweka mkononi mwako. Jibu haraka, shemeji, nakuomba sana.

Shemeji yako,
Mariam

Arua, 24 Machi 1997

Shemeji mpendwa,

Naona aibu hata kukuuliza habari za huko. Barua yako imenifikia jana tu, sijui Lokule aliiweka wapi.

Acheni huo unga leo hii. Muhogo mchungu loweka kwenye maji siku tatu mpaka ulainike, ndipo uanike mpaka ukauke kabisa. Sumu inataka muda ili itoke. Na msile muhogo mtupu, kuleni na maharage. Nimempa dereva gunia moja awaletee.

Hajara yuko vipi? Vijiti vile nilituma mimi, na sikusema neno juu ya uchungu wake. Nisamehe kwa hilo. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba mdogo wa watoto,
Ezati

Koboko, 2 Aprili 1997

Ezati,

Salamu. Hali ya hapa si nzuri. Maharage imefika, asante.

Usimsingizie Lokule. Alikupa barua kesho yake, ulikuwa na chaki mkononi. Paska, mwanafunzi wako, mutoto wa hapa Koboko, alikuja kumzika shangazi yake kabla hujaandika. Aliingia dukani akauliza, "Mama, yule mgonjwa wa barua amepona?" Nikasema barua gani? Ndiyo akaniambia. Ulisoma barua yangu darasani. Mkageuza hiyo sumu kwa kompyuta, mkatafuta, mkaandika jibu kwa ubao: siku tatu ndani ya maji. Watu wakapiga makofi. Halafu wageni wakaja kuona kompyuta, ukaweka barua kwa droo. Yeye alifikiri jibu ilitufikia zamani. Aliposikia hapana, alikaa chini akalia. Najua aliporudi Arua akakuuliza, ndiyo ukashika kalamu.

Wadogo wamepona, kwa sababu Paska alitufundisha hiyo ya maji. Lakini Hajara aliamka siku mbili kabla Paska hajafika, miguu yote imekazana kama mbao. Hospitali wanasema haitarudi.

Nilitaka kukutukana katika barua hii. Matusi ninayo, wewe unanijua, nimekaa kambi ya jeshi na kaka yako. Lakini Hajara alisikia yote Paska alisema, na yeye amefurahi, Ezati. Kila mutu akija dukani anamwambia, jina yangu ilisomwa mbele ya madaktari wa Arua. Jana ananiuliza kama yale makofi walimpigia yeye.

Nimemwambia ndiyo.

Mama Hajara